Sita kwa Sita, na Bado Mama Akaanguka

Siku ya mtihani wake wa uraia wa Marekani, Mama alitoka kwenye mlango wa vioo ameshika karatasi moja. Kabla hajanifikia alikuwa ameshaikunja mara mbili. Ilikuwa mapema Novemba 2023, hapa Louisville, Kentucky, na baridi ilishaanza kuuma. Sikumwuliza kitu. Tuliingia garini, nikawasha hita, tukakaa kimya kidogo. Ndipo akaniambia mimi mwanawe, "Papa, yale maswali yenu nimejibu yote. Sita kwa sita. Lakini nimeanguka."

Nikaikunjua karatasi. Kweli: historia na serikali, amepita. Kiingereza, bado. Angeitwa tena baada ya siku 60 na zisizozidi 90, ajaribu mara ya pili. Akianguka tena, maombi yanakataliwa, anaanza upya na kulipa upya.

"Nini kimekushinda, Mama?"

"Ameniuliza kama nilikuwa kempu. Nikamwambia ndiyo, miaka ishirini."

Nilicheka, halafu nikaona mwenzangu hacheki.

Kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilifanya mtihani wa uraia wa Marekani mwaka 2022, nikapita mara ya kwanza, nikajiona fundi. Watu wengi wanaouogopa mtihani huu wanaogopa kile kipande cha historia na serikali. Wakati wetu yalikuwa maswali 100, yametangazwa hadharani pamoja na majibu yake. Afisa alikuwa anakuuliza kwa mdomo hadi kumi, ukifikisha sita sahihi anaacha, umepita. Mtu yeyote mwenye simu na subira anaweza kuyakariri. Mama na mimi tuliyakariri miezi minane.

Lakini afisa huyohuyo anapitia pia fomu yako ya maombi, N-400, swali baada ya swali, kwa Kiingereza, na namna unavyomwelewa ndiyo mtihani wa kuongea. Kisha unasoma sentensi moja kwa sauti, unapewa nafasi tatu. Kisha unaandika sentensi moja unayotamkiwa, nafasi tatu vilevile. Hayo yote kwa pamoja tuliyapa jioni mbili. Nilidhani fomu si mtihani. Nilishaijaza mimi mwenyewe, nikamwonyesha pa kusaini, basi.

Ndani ya fomu hiyo kuna swali linalouliza kama umewahi kufanya kazi kwenye gereza, kambi ya wafungwa, kambi ya kazi za kulazimishwa, au mahali popote ambapo watu walishikiliwa. Wanawatafuta waliotesa wenzao. Katika sentensi yote hiyo, Mama alilijua neno moja tu: "camp". Na kambi anaijua. Mwaka 1996 alivuka Ziwa Tanganyika usiku, kutoka upande wa Baraka, Kongo, mimi nikiwa mgongoni na miaka yangu mitatu, akafikia Kigoma, akapelekwa kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu. Tulikaa pale hadi 2016. Ukimwuliza Mama kama alikuwa kempu, ajibu nini tena?

Alivyonisimulia, afisa alikuwa mpole. Alilirudia swali kwa maneno mengine. Mama akazidi kusema ndiyo, tena kwa sauti kubwa zaidi, kwa kuwa alidhani hasikiki. Baadaye wakaja kwenye kuandika, na kufikia hapo mkono ulikuwa unatetemeka. Herufi zikamkimbia.

Kilichofanya garini kuwe kuzito siku ile ni mdogo wangu wa mwisho. Alizaliwa kambini Aprili 2006. Mtoto mwenye grinikadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anayeishi na mzazi wake anakuwa raia moja kwa moja siku mzazi huyo anapoapishwa, ilimradi hajatimiza miaka 18. Hafanyi mtihani, haapi. Akishatimiza 18 kabla ya mzazi kuapa, basi ajitegemee: fomu yake, pesa yake, foleni yake. Tulikuwa Novemba. Alikuwa amebakiza miezi mitano.

Nisimnyime Mama haki yake, yale maswali mia aliyaweza, na aliyaweza kwa namna ambayo mimi sikuyaweza. Mimi nilikariri kama kasuku, nikiwa kazini usiku, sauti ya maswali sikioni huku nikipanga maboksi ghalani. Mwezi mmoja baada ya kupita nilishasahau nusu. Mama alisoma hadi darasa la pili tu. Hawezi kukariri kitu ambacho hajakipa mahali pa kukaa. Basi ilibidi kila jibu tulitafutie makazi.

Nani aliandika Tangazo la Uhuru? Thomas Jefferson. Hilo lilikataa kuingia wiki mbili, mpaka nikamwonyesha barua zetu: sisi tunaishi Kaunti ya Jefferson. Ukivuka daraja kwenda Indiana unafika Jeffersonville. "Kumbe huyu mzee amejaa kila mahali," akasema, na hakusahau tena.

Makao makuu ya jimbo lako ni mji gani? Hapa wengi hujikwaa, maana kila mtu anajua Louisville na hakuna anayekwenda Frankfort. Mama ndiye aliyelitatua mwenyewe. "Ni kama Dodoma na Dar es Salaam." Miaka ishirini ya kusikiliza redio ya Tanzania haikupotea bure.

Taja seneta mmoja wa jimbo lako. Kentucky ilikuwa na Mitch McConnell na Rand Paul. Ulimi wa Mama ulimkataa McConnell katakata, tukabaki na Rand Paul, jina fupi kama la katekista. Ukipewa nafasi ya kuchagua jibu, chagua linaloingia mdomoni mwako. Hakuna alama za ziada kwa jibu gumu.

Taja mmoja wa mito miwili mirefu ya Marekani: Missouri au Mississippi. Tulitembea jioni moja juu ya lile daraja la waenda kwa miguu juu ya mto Ohio, nikamwambia maji haya yote yanaishia Mississippi. Nikamwambia na jambo jingine, ambalo nililisikia kwa mwalimu mstaafu anayetufundisha Kiingereza kanisani Jumamosi: zamani, ng'ambo hii ya Kentucky ilikuwa ya utumwa, ng'ambo ile ya Indiana haikuwa ya utumwa. Watu walivuka usiku. Mama alisimama katikati ya daraja akaangalia maji muda mrefu. Kuna swali linalouliza ni watu gani waliletwa Marekani wakauzwa kuwa watumwa; jibu ni Waafrika. Alikuwa analijibu siku zote harakaharaka, kama la hesabu. Kuanzia jioni ile alianza kulijibu polepole.

Mwezi Agosti nikampeleka Hodgenville, mwendo wa saa moja hivi kusini, alikozaliwa Abraham Lincoln mwaka 1809. Kuna jengo la mawe la kumkumbuka, lenye ngazi 56, moja kwa kila mwaka aliouishi. Vyeti vya Mama vinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1967. (Kambini karibu kila mtu mzima alizaliwa tarehe 1 Januari, karani alikuwa na haraka.) Kwa hiyo naye alikuwa na 56, akazipanda zote akipumzika kila baada ya kumi. Ndani wameweka kibanda cha magogo mfano wa kile alichozaliwa. Mama akachungulia. "Hii ni ndogo kuliko ile ya kwetu Nyarugusu." Hadi leo ukimwuliza Lincoln alifanya nini, atakujibu kwanza kwamba alizaliwa kwenye kibanda, kisha ndipo awaachie watumwa huru.

Muhammad Ali hayumo katika yale maswali mia, na Mama aliona ni kasoro. Ali ni mtoto wa Louisville. Tulifika hapa majira ya joto 2016, wiki chache tu baada ya kuzikwa kwake, picha zake zikiwa bado kila ukuta. Mama alikuwa mtoto mdogo huko Fizi Ali alipopigana Kinshasa mwaka 1974, na watu wazima walikuwa wakipiga kelele "Ali boma ye" kijijini bila kuwa na hata televisheni moja. "Huyu ndiye namjua," alisema. "Na huyu ndiye hawaniulizi."

Swali lililotuchelewesha kuliko yote halikuwa gumu hata kidogo. Utawala wa sheria maana yake nini? Jibu mojawapo: hakuna aliye juu ya sheria. Nilipomtafsiria, Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Mtu aliyekulia chini ya Mobutu, miaka 32 mtu mmoja, anaambiwa aseme hivyo mbele ya afisa wa serikali bila kucheka! Alinitaka nimthibitishie kwamba hapa ni kweli. Nikamwambia wao wenyewe wanabishana kila siku kama ni kweli, ila kusema unaruhusiwa. Akafikiri. "Basi hicho kusema ndicho nitakachojibu." Hapo tukapata jibu la uhuru wa kujieleza bila kuutafuta.

Halafu kuna majibu yanayohama. Rais, makamu wake, gavana, Spika. Mama alikuwa amemshika Spika Kevin McCarthy vizuri sana. Tarehe 3 Oktoba 2023, mwezi mmoja kabla ya miadi yake, Bunge la Wawakilishi likamwondoa. Kiti kikakaa wazi wiki tatu. Kila asubuhi Mama ananipigia simu kutoka hoteli anakotandika vitanda: "Wamepata?" Bado. Tarehe 25 wakamchagua Mike Johnson. Nafikiri hakuna mtu Kentucky nzima aliyefurahi kama sisi, na siasa zake wala hatukuzijua. Jina jepesi.

Ndivyo tulivyofika kwenye sita kwa sita. Na ndivyo tulivyoanguka.

Wiki iliyofuata nilichapisha N-400 nzima, nikaikata kwa mkasi, swali moja kipande kimoja, nikavitia kwenye bakuli. Kila jioni Mama anachomoa kumi. Sheria ilikuwa moja: haruhusiwi kujibu ndiyo wala hapana kabla hajaniambia kwa Kiswahili swali linataka kujua nini. Umewahi kudai kwamba wewe ni raia? Umewahi kuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti? Umewahi kukamatwa? Unadaiwa kodi? Umewahi kumtesa mtu kwa ajili ya dini yake au kabila lake? Kwa swali hilo la mwisho Mama alinyamaza, kisha akasema kwa Kiswahili kwamba angependa na wao wamwulize kama amewahi kuteswa. Halimo. Tukaendelea.

Na tukafanya mazoezi ya sentensi ambayo ingemwokoa mara ya kwanza, fupi tu: samahani, sijaelewa, tafadhali rudia. Kwetu kumwambia mkubwa hujaelewa kunaonekana kama kumshusha. Mtu anaona heri aseme ndiyo, mambo yapite. Nilimwambia Mama afisa analipwa kurudia. Akaniuliza analipwa kiasi gani. Nikamwambia sijui, ila kinatosha kurudia mara mbili.

Kuandika kulifanyika jikoni. Kalamu ilikuwa inamtia woga, kila kosa linabaki pale linamtazama. Siku moja alikuwa ameandaa unga wa ugali kwenye sinia, nikachukua kidole nikaandika W. Akaifuta kwa kiganja, akaiandika yake. Tangu hapo sinia ikawa daftari. Unga mwembamba, Washington. Anatikisa sinia, umefutika. Citizens can vote. Anatikisa. Maneno ya kusoma na kuandika nayo yametangazwa, orodha fupi tu, majina ya watu, miezi, miji, vitenzi vichache, na kosa dogo la herufi halikuangushi kama maana inaonekana. Katikati ya Desemba alirudi kwenye kalamu mwenyewe, bila mimi kumwambia. Ugali wetu wa miezi ile ulikuwa na historia nyingi ya Marekani.

Yapo mengine niliyojifunza kwa kuponea chupuchupu, na nayaandika kwa sababu naona wageni wanayaingia macho yamefumbwa. Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda kuchukua leseni ya udereva, na yule wa dirishani, kwa adabu kabisa, akaniuliza kama nataka kujiandikisha kupiga kura. Mimi ni mtu wa kukubali kila kitu. Mkono ulishaanza kushika kalamu, yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, aliyekuwa nyuma akanivuta shati. Mwenye grinikadi si raia. Akijiandikisha kwenye daftari la wapigakura, au mbaya zaidi akipiga kura, anaweza kunyimwa uraia na hata kufukuzwa nchini, na "sikujua" haimsaidii sana. Wanaume wa miaka 18 hadi 25 nao wanatakiwa kujiandikisha kwenye daftari la wanaoweza kuitwa jeshini, raia na wakimbizi sawasawa. Mimi niliandikishwa wiki za mwanzo na shirika lililotupokea, nikapewa kikaratasi nilichokiweka ndani ya Biblia bila kujua ni cha nini. Miaka sita baadaye afisa akaniuliza namba yake. Weka kila karatasi.

Kama una wazazi wakongwe, uliza umri kabla ya kuanza kuwasumbua na herufi. Aliyetimiza 50 na ana grinikadi miaka 20, au 55 na grinikadi miaka 15, anasamehewa Kiingereza. Maswali anayafanya kwa lugha yake kupitia mkalimani, Kiswahili kikiwemo. Mwenye 65 na grinikadi miaka 20 anasoma orodha fupi zaidi. Mama alikuwa na 56, lakini grinikadi ya miaka saba tu. Na wanaoanza sasa wajue mtihani umebadilika: waliopeleka fomu kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 wanasoma maswali 128, wanaulizwa hadi 20, wanatakiwa kupata 12. Rafiki zangu wanaokopa madaftari yetu ya zamani nawaambia wabaki na sinia tu.

Mama aliitwa tena Januari 2024. Safari hii alikaa ndani dakika chache mno, nikadhani yameharibika. Akatoka akitembea kama mtu anayeficha kitu chini ya kanga. Alimwambia afisa "please repeat" mara nne, akazihesabu kwa vidole kunionyesha.

Kiapo kilikuwa Februari, kwenye mahakama ya shirikisho katikati ya mji. Usiku wa kuamkia alinigongea. Alikuwa ameomba mdogo wangu amsomee maneno ya kiapo, yale ya kuacha utii kwa taifa jingine lolote. "Kwa hiyo Kongo ninaiacha?" Sheria ya Kongo nayo inasema uraia wa Kongo ni mmoja, hauchangamani na mwingine. Sikuwa na la kumpamba. Nikamwambia kwa karatasi, ndiyo. Akakaa kwenye kiti cha jikoni. "Yenyewe iliniacha 1996," akasema, halafu akatuuliza kama tumepiga pasi mashati.

Asubuhi, mlangoni mwa ukumbi, wanachukua grinikadi yako, hairudi. Kabla ya hapo unapewa karatasi yenye maswali ya mwisho: tangu siku ya mahojiano, umeoa au kuolewa? Umesafiri nje? Umekamatwa? Nilinyoosha mkono nimjazie, kama kawaida. Mama akausukuma. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akalisoma kwa midomo bila sauti, akasogeza kidole. Nyuma yetu foleni ilikuwa ndefu, mwanamume mmoja alianza kukohoa. Mdogo wangu alikuwa ameshika koti la Mama, mrefu kumpita kwa kichwa kizima, anatazama saa.

"Hili," Mama akaniuliza akigonga mstari, "wanataka kujua kama nimetoka nje ya nchi?"

"Ndiyo."

"Sijatoka," akasema, akatia alama yake, akashuka swali linalofuata.